Nilivyojiweka Kwenye Picha ya Wazee

Mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Guangzhou, aliniambia twende mlimani tukapige picha za majani ya vuli. Kwetu Mombasa vuli ni mvua, kwa hiyo nikaja na mwavuli. Akautazama, akanitazama. "Mjomba, vuli ya huku ni majani kugeuka rangi. Hiyo mvua umekuja nayo wewe."

Njia ilikuwa ngazi za saruji tangu chini, na nilikuwa nimejiandaa kulalamika mpaka kileleni. Tulipokata kona ya kwanza nikasahau malalamiko. Miti mizima ilikuwa nyekundu ya pilipili iliyoiva, mingine manjano ya bizari, na jua linapenya majani. Nikatoa simu. Simu yangu imezoea viwanda vya Xintang: mishono ya jinzi, zipu, vifungo, mbele na nyuma, ili mteja wa Mombasa asije akasema hakuonyeshwa. Basi nikapiga majani vivyo hivyo, jani mbele, jani nyuma, kisha nikahesabu picha, nikarudia kuhesabu.

"Unaagiza kontena?" mpwa wangu akauliza.

Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyeona kitu kizuri na hakuna wa kupatana naye bei.

Akatangulia. Nikabaki chini ya mti mmoja uliozidi yote kwa wekundu. Hapo wakapanda wazee wawili, mume na mke, bibi akijishika goti kila ngazi. Mzee akaninyooshea simu yake, akasema maneno kwa upole.

Mchezo huo naujua. Ukitoka tu mitaa ya Xiaobei, ambako wametuzoea, watu huomba kupiga picha na Mwafrika, nami nina bei yangu ya utani. "Wu kuai," nikamwambia, yuan tano, kwa sauti ya sokoni. Kisha nikaenda kusimama na bibi, mkono begani mwake, meno yote nje. Mzee akamtazama mkewe. Akapiga. Halafu akanijia, akainamisha kichwa, akafungua simu mahali pa kulipia.

Nikacheka, nikapunga mkono kukataa, nikajiona mkarimu. Wakaanza kushuka.

Mpwa wangu alikuwa amesimama ngazi za juu, na hakucheka. "Mjomba, alikuwa anakuomba uwapige wao. Amekwambia bibi amepanda kwa taabu, wanataka moja wakiwa wawili, na huo mti."

Nikawakimbilia. Kichina changu ni cha kununulia: ghali mno, punguza, sitaki. Humo hamna neno hata moja la kuombea radhi. Nikafika nahema, nikaielekezea kidole simu ya mzee, nikarudia kuielekezea. Bibi akashtuka, akamshika mumewe mkono. Mzee akafungua tena mahali pa kulipia, haraka haraka. Walidhani nimebadili nia, nimeifuata tano yangu.

Nimefukuzwa maduka mengi, nimetukanwa kwa lugha tatu. Sijaona uso ulionikaa moyoni kama ule wa bibi, wenye hofu na bado una adabu.

Mpwa wangu akafika, akaeleza. Sikuelewa, ila niliona mabega ya bibi yakilegea. Nikaomba warudi mtini, nikajitolea kumshika mkono. Bibi akaligusa goti lake, akatikisa kichwa. Basi nikawapiga palepale kwa simu yao, ubavuni mwa pipa la taka, nyuma yao mianzi, kijani kitupu. Mzee alimtengeneza mkewe kola kwanza. Nilipiga nyingi, kwa uangalifu ambao jinzi sijawahi kuzipa.

Bibi akazipitia zote, taratibu. Halafu akarudi nyuma mpaka ile ya mwanzo, mimi nimekenua kwenye wekundu, mkono begani mwake, akasema kitu.

"Anasemaje?"

Mpwa wangu alisita. "Anasema hii ndiyo yenye rangi nzuri."

Mzee akainama kuitazama, akaafiki kwa kichwa. Yeye ndiye aliyeipiga, hakuwemo.