Kuingia Stesheni kwa Mgongo

Baba yangu alikuwa dereva wa treni za mizigo, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kukaa bure. Miaka ya tisini walipopunguza watu kazini naye akapunguzwa, tulihama nyumba za reli pale Muthurwa, Nairobi, tukaingia chumba na nusu huko Jericho. Kiti chake cha mbao chenye mito kikahama nasi, ila hakukikalia tena. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mgeni aliyepita kuuliza njia. Jioni alimwambia Mama, "Kama kuna chai, nitashukuru."

Mama aliuza mboga za mrenda na kunde kando ya barabara, na hakuwa na subira na upuuzi. "Ananishukuru!" alifoka akigonga sufuria. "Mimi! Mke wake!" Ulimi wake ndio niliorithi, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili wenye hasira na mwanamume mmoja mwenye adabu za kutisha.

Karne ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nikipiga chapa katika duka la simu na kompyuta hapo mtaani. Mwenye duka, kijana aliyependa mashine kuliko faida, alikuwa ameunganisha intaneti kwa laini ya simu. Kwa kuwa mteja wa intaneti alikuwa yeye peke yake, aliitumia kucheza mchezo wa meli za angani. Usidhani kulikuwa na picha. Yalikuwa maandishi tu kwenye kioo cheusi. Wachezaji wa nchi mbalimbali walipeleka shehena kwa msafara, kutoka stesheni moja ya angani hadi nyingine. Unaandika amri zako, unakata simu haraka kabla bili haijala duka, na meli inaendelea na safari hata ukiwa unakula. Kesho yake unafungua kuona imefika wapi.

Jioni moja Baba alikuja kunichukua, akasoma kioo juu ya bega la mwenye duka.

"Hiyo imebeba tani ngapi?"

"Elfu mbili, mzae."

"Na breki unafunga ukiwa wapi?"

Kijana akakuna kichwa. Alikuwa hajawahi kufika stesheni yoyote bila kuigonga. Siku hiyohiyo Baba akakabidhiwa usukani.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Angani hakuna kitu cha kukupunguzia mwendo. Ukizima injini unazidi kwenda tu. Ili usimame, lazima meli igeuke, itangulize mkia, kisha iwashe injini kupinga mwendo wake yenyewe. Ikiwa na shehena, kugeuka kulichukua saa nne na kusimama saa tisa. Ukijua saa ya kufika, unahesabu kurudi nyuma mpaka upate wakati wa kuanza kugeuka. Baba alifanya hesabu hizo kwa penseli nyuma ya kalenda ya kanisa, amevaa kofia yake ya kazini. Nilizipitia mwenyewe, na zilikuwa sawa.

Meli ikapita stesheni.

"Manze, mzae, umepitisha stage!" mwenye duka alipiga kelele.

Baba akajaribu tena na shehena nyingine. Ikapita tena, vilevile. Ndipo kiongozi wa msafara, mtu wa ng'ambo ambaye hatukuwahi kumwona, akaandika kwamba meli ya Nairobi ikipita mara ya tatu itatolewa. Mwenye duka alijaribu kuulainisha ujumbe. "Wasee wamekasirika kidogo, mzae."

Baba alivua kofia. "Wananipunguza," akasema.

Niliumia sana. Mchezo ni mchezo, najua, lakini mtu hapaswi kupunguzwa mara mbili, tena na watu ambao hata mshahara hawampi.

Mimi nikiumia huwa mkali, kwa hiyo jioni ile tukiwa mezani nilimvamia. "Baba, hesabu ni sawa. Unaifanya nini hiyo meli? Zile saa tisa za breki, unazitumia zote?"

"Natumia tano."

"Na nne zinaenda wapi?"

"Naigeuza tena."

"Unaigeuza tena kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza mtoto huyu alilelewa na nani. "Wewe mtoto, utaingiaje kwa watu ukitanguliza matako?"

Tonge likanirudi sahanini. Maisha yake yote Baba aliingia stesheni uso mbele, mkono juu, akimsalimu stesheni masta. Nilimweleza kwamba stesheni ile haina macho. Nilimweleza kwa sauti ambayo jirani alisikia. Akauliza shehena hupokewa na nani kama hakuna watu.

Mama alikuwa akikwangua ukoko wa ugali. "Mzee," akasema, "ulipokuja kwetu kuniposa, ulikutana na mama yangu njiani."

"Hayo yanaingiaje hapa?"

"Ulifanya nini?"

Baba aliangalia mrenda wake. "Niliruka kwenye mahindi."

"Ukampa nini?"

"Mgongo."

"Mpaka akapita. Akasemaje?"

"Alisema nina heshima."

Kwetu magharibi mwa nchi, mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake. Kumpisha na kumgeuzia mgongo ndiyo adabu yenyewe.

"Basi," Mama akasema, "hiyo stesheni ni mama mkwe."

Baba alimeza tonge. "Kwa mama mkwe," akakubali, "mgongo ni halali."

Kesho yake akaandika amri, safari hii breki kwa saa zote tisa. Jioni iliyofuata tulikuwa sote dukani. Hata Mama alimwachia jirani mboga zake, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi. Simu ililia milio yake ya ajabu, kioo kikajaa maandishi. Mwendo: sifuri. Shehena: imepokewa.

"Umepaki, mzae! Umepaki!"

Baba alisimama wima akairekebisha kofia.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Nani?"

"Mama mkwe."

"Hajasema kitu," Baba akajibu. "Ndivyo inavyotakiwa."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Baba aligeuka, akaanza kuingia kinyumenyume, nami nikaliondoa jiko njiani asije akalikanyaga. Alipita kigoda. Akaenda hivyohivyo mpaka mapaja yakagusa kiti chake, akajishusha polepole, akatulia.

"Na hapa mama mkwe ni nani?" Mama akauliza, mikono kiunoni.

Baba akanyoosha miguu. "Chai iko wapi katika nyumba hii?"

Mama akafoka kwamba yeye si mtumishi wa mtu. Alifoka huku akiwasha jiko, machozi yakimtoka, nami nikaenda kutafuta sukari.