Giesta ya Mlango wa Ermelinda

Katika kijiji chetu cha Vilar de Urzes, kaskazini mwa Ureno, milango iliyofungwa ni mingi kuliko iliyo wazi, na kila mlango uliofungwa una vichaka vyake. Sheria inataka vichaka vilivyo ndani ya mita hamsini kutoka nyumbani vifyekwe kabla Aprili haijaisha, na wa kufyeka ni mwenye ardhi. Sheria yenyewe siipingi. Nilikuwapo kiangazi kile moto uliposhuka mlimani ukala mazizi yetu. Ninachouliza ni nani atafyeka, ikiwa mwenye ardhi yuko Ufaransa anapiga deki nyumba za watu, na serikali iliyomwacha aondoke kwa njaa leo inamtishia faini.

Kwa nyumba ya Ermelinda, mfyekaji alikuwa Firmino.

Walikuwa wachumba. Ermelinda alivuka mpaka kwa miguu pamoja na kaka zake, kwenda Ufaransa. Firmino akabaki kumuuguza mama yake, akaahidi kumfuata. Mama alikaa kitandani miaka mingi. Ermelinda akaolewa hukohuko, akazaa, akafiwa na mume. Nyumba ya wazazi wake ikabaki na kufuli. Sasa Firmino ni mzee mwenye mbuzi wachache, na kila masika hufyeka kuizunguka nyumba ile kwa mundu. Akimaliza, mimi humwombea kibali cha kuchoma kwa simu, maana siku hizi huruhusiwi kuchoma hata rundo la matawi kabla ya kuuliza kama siku yenyewe ni salama. Moto ukiwaka, mzee husimama kando na ndoo za maji mpaka majivu yapoe.

"Firmino," jirani yake Celeste humwambia kutoka dirishani, "marehemu mume wangu hakunifyekea hata njia ya kisimani."

"Marehemu alikufahamu vizuri," hujibu mzee bila kuinua kichwa.

Kichaka kimoja tu hakukigusa: giesta iliyoota ukutani, karibu na mlango. Kwetu, jioni ya kuamkia Mei Mosi, kila mlango hutiwa tawi la giesta lenye maua ya manjano ili baya lisiingie. Mlango usio na tawi huhesabiwa kuwa wa nyumba iliyokufa. Mlango wa Ermelinda haujawahi kukosa. Tatizo ni kwamba giesta huchanua siku zilezile sheria inapoitaka iondoke.

Mwaka huu, siku moja kabla ya mwisho wa Aprili, askari wa doria alisimamisha gari.

"Mzee, hii imegusa nyumba kabisa. Kesho nikirudi nisiikute."

"Na nikiiacha?"

"Faini."

"Niandikie mimi."

"Siwezi, mzee. Inakwenda kwa mwenye nyumba."

Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nilimwambia askari kwamba serikali haijawahi kukumbuka njia ya kijiji hiki ila ikija kudai, na kwamba nitakata rufaa hadi Lisbon. Firmino alinishika mkono.

"Kijana, tulia. Unataka habari ya kwanza kumfikia kutoka huku iwe faini?"

Askari alipoondoka, Firmino aliniomba nimpigie Ermelinda, mwenye mti, aseme mwenyewe. "Lakini usinitaje," alisema. Nambari nilipewa na Celeste. Niliiweka simu kwenye spika ili mzee asikie, nikamweleza habari ya askari na ya giesta ya mlangoni kwake.

"Bado mnatia maua milangoni?" Ermelinda alishangaa. "Na kwangu anatia nani?"

Firmino alitikisa kidole.

"Watu wa hapa, mama."

"Basi waambie waukate mti huo tu, wasijisumbue. Mlango huo sidhani kama utafunguka tena. Wanangu wanataka kuuza."

Nilikata simu nisijue pa kutazama. Firmino alikwenda kuchukua msumeno.

Aliukata mti kesho yake asubuhi, taratibu, chini kabisa. Nilimuuliza kama niombe kibali cha kuchoma. Akakataa. Zamani, alisema, vichaka havikuchomwa. Vilitandikwa zizini wanyama wakalalia, na watu waligombana kwa kuvitaka. Akawabebea mbuzi wake matawi yasiyo na maua. Yenye maua aliyatenga, na jua lilipoinama tulipita naye mlango kwa mlango, mpaka ile milango ambayo wenyewe wamekufa ugenini. Tawi kubwa kuliko yote alilifunga kwa Ermelinda. Akalitazama, akalinyoosha, akalitazama tena.

"Mpigie," aliniambia.

"Nimwambie nini?"

"Wewe piga, nipe mimi."

Aliishika simu mbali na sikio, kama wanavyofanya wazee, kwa hiyo nilisikia yote.

"Linda. Ni Firmino."

Kule mtu alizima redio.

"Firmino wa mbuzi?"

"Yule yule. Mlango wako una maua. Mwaka huu na miaka yote. Na kufunguka utafunguka, kufuli nalitia mafuta."

Nilimsikia yule mama akivuta pumzi, kisha sauti ya kiti kikiburutwa huko Ufaransa, kama mtu anayetafuta pa kukaa.

"Firmino," alisema, "kwa nini hukuja?"

Mzee alinipa mgongo. Niliteremka njiani nikamwachia simu yangu.