Bwana Harusi wa Bwawani

Mtunza kobe wa kituo kile cha utafiti aliitwa Shangazi na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Bwawani kwake walikuwamo kobe wa maji wawili, dume mwenye pua iliyomeguka na jike, na yeye mwenyewe ndiye aliyewabatiza Bwana na Bibi Harusi. Kila mwaka Bibi Harusi alitaga, Shangazi akafukia mayai mchangani, na mayai yakaoza. Mwaka huu uvumilivu ukamwisha.

"Dume jina tu hili!" alimwambia mkuu wa kituo. Akapewa ruhusa, akambeba Bwana Harusi kwenye beseni na kumrudisha kwenye mto alikovuliwa zamani.

Wiki iliyofuata mtaalamu wa vinasaba, kijana mpole, alitoka maabara macho yamemtoka pima.

"Shangazi, yule dume yuko wapi?"

"Nimempa talaka. Kwani vipi?"

"Majibu ya damu tuliyowatoa yamekuja. Hawa wanafanana magamba tu. Koo zao ziliachana kabla binadamu hajakuwepo. Ni kama ulimwoza mbuzi kwa ng'ombe! Na ukoo wa yule dume haupo popote kwenye kumbukumbu zetu. Tujuavyo, yuko peke yake duniani."

Shangazi alipigwa na butwaa. Akajikalia juu ya ndoo ya chakula, asione kuwa imejaa maji. Miaka yote kamtukana kiumbe wa watu, kumbe mke mwenyewe hakuwa wake! Na mikono iliyomtupa ni hii hii.

Jambo moja tu lilimpa moyo. Wakati wa kula alizoea kugonga beseni kwa kijiko, na Bwana Harusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja. Wakaenda mtoni, mtaalamu kabeba wavu. Shangazi akaingia maji ya magoti, akagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

"Njoo, baba. Nimekukosea."

Kikaibuka kichwa chenye alama ya njano nyuma ya jicho, na pua iliyomeguka. Ndiye! Kabla Shangazi hajamfikia, ubavuni pake kikaibuka kichwa kingine, kina alama ile ile ya njano ambayo Bibi Harusi hana. Pua yake nzima.

Beseni likamponyoka. "Mama yangu! Huyu alikuwa na mwenziwe, tukaja kumvua sisi!"

Mtaalamu akainua wavu. Shangazi akamshika mkono.

"Damu utawatoa hapa hapa, mwanangu. Safari hii hawaachanishwi."