Jirani wa Upande wa Magharibi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na jua lilikuwa linawaka. Nalitaja jua mapema kwa sababu najua mtakavyosema: ulikuwa usiku, ulikuwa umechoka, ulikuwa umepitia kwenye pombe ya kwete. Hapana. Ilikuwa alasiri ya kiangazi, pembeni mwa mji wa Arua, barabara ya kwenda Koboko, na tumboni sikuwa na kitu ila muhogo wa kuchoma. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize.

Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire, mimi na mama. Miaka ile, baada ya vita, kila mtu alikuwa anarudi. Baba alikuwa bado: tulipokimbia mimi nilitangulizwa na majirani, na mama akanifuata peke yake. Kila nilipomuuliza, mama alinijibu, "Baba yako bado iko Zaire, atatufuata," nami niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Tulipanga chumba karibu na soko. Mlangoni mama aliweka mzigo wake, ule aliofunga kwa kitenge tulipokimbia. Akitaka kitu anaingiza mkono pembeni, anakitoa, anakaza fundo tena.

"Mama, fungua basi, tumefika," nilimwambia mara nyingi.

"Hapa ni kwa watu," alisema. "Nitafungua nikiwa na nyumba."

Basi mimi nikaanza kujenga nyumba kichwani. Nilikuwa napeleka samaki wakavu Koboko kwa baiskeli na kurudi na sabuni. Nikipanda kwenda nilikuwa najenga kuta. Nikifika Koboko nimeshaezeka. Wakati wa kurudi napanda mipapai, nafuga kuku, naweka pazia. Na njiani, niaminini, kila mwanamume mrefu aliyetokea upande wa mpaka nilimtazama usoni, labda ni baba.

Mwisho nikapata nyumba ya kweli. Mwenyewe alikuwa Taban, mtu wa maneno mengi, mtoto wa askari wa zamani. Vyumba viwili, sakafu ya simenti, bati. Sakafu ya simenti! Nilivua viatu nikaikanyaga, nikahisi ubaridi wake, nikajiona nimeshakuwa mzee wa heshima.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tunafanya siku hizo. Leo watu wanakwenda ofisini kuuliza ardhi ni ya nani. Sisi vita ilikuwa imekula karatasi. Upekuzi wa ardhi ulifanywa kwa miguu. Unazunguka kiwanja pamoja na muuzaji na mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa, na kila jirani anatoka kwake, anasimama kwenye mkonge uliopandwa mpakani, anasema kwa mdomo wake: mpaka iko hapa, mimi sina neno. Halafu unauliza makaburi. Nani amelala hapa? Kwetu mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Nyumba unaweza kununua, lakini mama ya mtu utamnunuaje?

Tukazunguka. Mbele ilikuwa barabara. Nyuma alitoka mwalimu wa kanisa, akasema hana neno. Mashariki alitoka Mama Zaitun, mkaanga mandazi, mmoja wa wale wa koo za askari wa Kisudani, mwanamke mwenye hina mikononi na sauti ya kuamsha mtaa.

"Huyu ndiye jirani yangu mpya?" akapaza sauti. "Mbona mwembamba hivi? Taban, unamuuzia nyumba au unamuuzia njaa?"

"Mama, huyu ananipima kama mbuzi wa soko," Taban akasema. "Bado kuniangalia meno tu."

Tukacheka. Tulipogeukia magharibi, kulikuwa na majani marefu kupita kichwa, basi. Mwenyekiti akauliza, "Na upande huu?"

"Mama Onzia," akasema Taban. "Bado iko Zaire."

Mwenyekiti akamtazama Mama Zaitun. Mama Zaitun akaangalia hina yake. "Ndiyo," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Bado iko Zaire."

"Basi tutangoja. Bila yeye mimi sigongi muhuri."

"Mzee, tutangoja mpaka lini?" Taban akaruka. "Kuna mutu ya Koboko anakuja Ijumaa. Kama mwenyekiti hagongi, yule atanunua bila muhuri."

Ijumaa! Unajua maana ya kungoja kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukichukua? Sikulala. Nilikula nikiwa nimesimama. Nikisafirisha samaki nasahau sabuni, nikichukua sabuni nasahau njia. Kila siku nilipita pale kwa baiskeli kuona kama nyumba bado ipo, kana kwamba ingeondoka kwa miguu yake.

Alhamisi alasiri nikakuta yale majani ya magharibi yameungua. Ni kawaida, kiangazi watu wanachoma. Ardhi ilikuwa nyeusi, na katikati ya weusi ule alikuwepo mama mmoja mzee anafagia.

Anafagia majivu. Hilo peke yake lingenitosha, sivyo? Lakini mimi niliona vumbi jekundu miguuni mwake mpaka magotini. Niliona mzigo wa kitenge chini karibu naye, umefungwa vilevile kama wa mama yangu. Moyo ukaniruka kwa furaha. Amerudi! Mungu amemleta kabla ya Ijumaa!

"Jambo, mama!"

"Jambo, mwanangu. Umekawia."

Nikacheka. "Mama, mimi iko natafuta mutu ya upande hii."

"Mutu ya upande hii ni mimi. Wengine walipita hapa, hakuna aliyeuliza."

Nikamweleza yote kwa pupa: nyumba, mama, Ijumaa, mipapai, kuku. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mvua ikija kutoka mbali. Alikuwa amevaa kitambaa cha buluu chenye picha za ndege.

"Mama yako hajafungua mzigo?" akauliza.

"Bado."

"Mimi pia bado." Akaweka ufagio begani. "Njoo, nikuonyeshe mpaka."

Nikamfuata. Moto ulikuwa umeacha visiki vya mkonge, sasa vilionekana vizuri. Kimoja kando ya barabara, kingine, kingine tena, vimenyooka. Na kisiki cha mwisho kilikuwa kimegusa ukuta wa nyumba ya Taban. Katikati ya ukuta, si pembeni! Nikachungulia nyuma ya nyumba: mstari ule ule ulitokea upande wa pili, ukaendelea.

"Lakini mama, nyumba iko katikati."

"Mpaka yangu hairuki nyumba," akasema kwa upole, kama unavyomwambia mtoto. "Mwambie Taban anirudishie mafiga yangu. Mafiga ikirudi, mimi sina neno."

Akazunguka kona ya nyumba. Nilikuwa nyuma yake, umbali wa mkono. Nilipofika kwenye kona hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli la Taban, kufuli kubwa kama ngumi. Na ndani ya nyumba nikasikia ufagio. Shwaa. Shwaa.

Ningekimbia wakati huo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi nilidhani amepita mlango wa nyuma. Nikaweka jicho kwenye ufa wa dirisha. Vumbi la sakafuni lilikuwa linasogea. Linasogea lenyewe, mistari kwa mistari, wala hapakuwa na mtu, wala ufagio, wala mkono.

"Mama!" nikaita.

Sauti ya ufagio ikakatika. Halafu, hapa, kwenye sikio hili la kushoto, nikasikia, "Mbona unapiga kelele? Mimi iko hapa."

Nilikimbia. Mfanyabiashara wa baiskeli alikimbia kwa miguu akaacha baiskeli yake ukutani, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Niliangukia kwa Mama Zaitun, mbele ya karai la mandazi. Akaanza kunitania, kwamba nimekimbizwa na mkwe, kisha akaona uso wangu. Nikamweleza. Aliuliza neno moja tu:

"Amevaa kitambaa gani?"

"Buluu. Iko na ndege."

Mama Zaitun akakaa chini. Mandazi yakaungua kwenye mafuta, hakuyageuza.

"Hicho kitambaa nilimfunga mimi," akasema. "Onzia hakufika Zaire, mwanangu. Tulipokimbia alisema miguu inauma, mtangulie. Usiku ule ule, kabla hatujaondoka, akafa jikoni kwake. Mimi na mume wangu tukamzika palepale, tukaweka mafiga yake juu ili tukirudi tujue mahali. Tuliporudi, nyumba imeshakaa juu yake. Mafiga yalikuwa yametupwa barabarani."

"Na kwa nini ulisema bado iko Zaire?"

Alinitazama kwa huruma. "Wewe kwenu husemi hivyo? Ukisema amekufa, lazima ulie, uite ndugu, uweke matanga. Nani alikuwa na nguvu ya kulia kila siku? Tukawaacha wote Zaire. Huko hawasumbui mtu."

Kisha akatazama jiko lake, nami nikatazama. Karai lilikuwa limekaa juu ya mawe matatu meusi.

"Niliyaokota mimi," akasema. "Nikasema, afadhali yapikie watu kuliko kukanyagwa na malori."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wengi mbele ya nyumba. Nilikuwa nimemweleza mama usiku. Asubuhi alikuja nyuma yangu, mzigo kichwani. Taban alifungua kufuli huku akinicheka, "Kijana ameona jini kwa sababu hana pesa ya kutosha." Mlango ukafunguka, akabaki ameshika kufuli mkononi. Nusu ya sakafu ilikuwa na vumbi la siku nyingi. Nusu ya magharibi ilikuwa imefagiwa safi, na mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi. Vumbi na usafi vilikutana kwa mstari ulionyooka, kutoka kisiki cha mkonge mpaka kisiki cha mkonge.

Yule mtu wa Koboko aliyekuja kununua hakuaga. Tuliona mgongo wake tu.

"Nilidhani ni jiko la zamani," Taban akasema. "Wallahi, mimi niliona mafiga, nikasema ni jiko tu." Na ni yeye mwenyewe aliyechukua sururu. Alivunja simenti yake kwa mikono yake. Hakuchimba sana kabla ya kuonekana kipande cha kitambaa, rangi imekwisha, lakini buluu. Ndege mmoja alikuwa bado anaonekana.

Mwenyekiti akavua kofia. Kisha akauliza, kama desturi ilivyotaka, "Upande wa magharibi ni nani?"

Mama Zaitun akasogea. Ile sauti ya kuamsha mtaa ilimrudia yote. "Onzia. Alikufa. Mimi nilimzika. Alikufa!"

Niaminini, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia mtu mtaani kwetu akisema neno hilo juu ya waliobaki nyuma. Lilikuwa kama kufungua mlango wa zizi. Mwalimu wa kanisa akamtaja kaka yake, akaanza kulia. Mwingine akamtaja mtoto. Mwingine akataja wawili. Na mama yangu akatua mzigo chini, kwenye majivu, akalifungua lile fundo.

Ndani hakukuwa na sufuria wala vyombo kama nilivyodhani miaka yote. Kulikuwa na mashati ya baba. Ndala zake. Kofia yake. Na shuka jeupe.

"Baba yako alikufa njiani, kabla ya mpaka," akaniambia bila kuinua macho. "Hatukuwa na nafasi ya kumfunika." Akalichukua shuka lile, akaingia ndani, akamfunika Onzia.

Taban alibomoa nusu yote ya magharibi. Kaburi likajengwa vizuri, mafiga yakarudi juu yake, na Mama Zaitun akatafuta mawe mengine. Nusu iliyobaki, chumba kimoja chenye ukuta mpya, nikainunua. Mwenyekiti akagonga muhuri. Mipapai ipo, kuku wapo. Mama hajafunga tena kitu chochote kwa kitenge, na analala usingizi wa mtoto.

Mimi ndiye nisiyelala. Kila kiangazi, alasiri, upande ule wa magharibi ufagio unapita. Mama anajibu kutoka kwenye kiti chake, "Jambo, Onzia," kisha anaendelea kuchambua maharage. Mimi nachukua baiskeli na kwenda barabarani, hata kama sina mzigo. Na njia nzima ya Koboko bado nawatazama wanaume warefu usoni, ingawa najua. Miguu inajua, macho yanakataa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua nyumba, huko uliko, hata kama una mwanasheria na karatasi zenye mihuri, nenda ukazunguke mpaka kwa miguu yako. Ukifika upande usio na mtu, ukaambiwa mwenyewe amesafiri, atarudi, usiridhike. Uliza nani alimwona mara ya mwisho, na alikuwa amelala wapi. Uliza mchana, kwa adabu, na ungoje jibu. Maana usipouliza wewe, atakuja kukujibu mwenyewe.