Kerneli Msumarini

Hakuna aliyewahi kumshinda Bi Sindano kwa ubishi, na walioapa kumshinda ni wengi, akiwamo shemeji yake, fundi kompyuta mwenye kibanda ng'ambo ya barabara na mdomo usiojua kupumzika.

Bi Sindano alikuwa mtarizi. Beji za sweta za shule, majina kwenye makoti ya wauguzi, vyote vilipita kwenye mashine yake, pana kama kabati, iliyopokea amri kutoka kwa kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Mumewe ndiye aliyeunganisha mashine na kompyuta hiyo, kwa kijiprogramu alichokiandika mwenyewe mwaka aliofariki. Juu ya skrini alibandika karatasi: "Kerneli isiguswe."

Kerneli, kwa asiyejua, ni kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyombo vyote. Hii ilikuwa na miaka sita. Na kwa kuwa shule sasa zilituma michoro ya beji kwa mtandao, shemeji alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Shemeji, kerneli hiyo ina matundu kama kichujio cha chai! Weka mpya. Mwizi wa mtandaoni ataingia bila hata kuinama."

"Aingie. Atakuta uzi."

"Atakufungia michoro yako yote. Utatarizi nini, hewa?"

Hilo lilimwingia Bi Sindano. Lakini je, mashine ikikataa kuelewana na kerneli mpya? Kijiprogramu kile kilikuwa kazi ya mwisho ya mumewe, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Akatazama ukutani. Pale msumarini zilining'inia karatasi zake za vipimo vya kukatia nguo, maana alishona pia, ya zamani nyuma ya mpya. Hakuwahi kutupa ya zamani mpaka nguo mpya ivaliwe na mwenyewe, imkae.

"Ukishaweka mpya, ya zamani unaitupa wapi?"

"Haitupwi. Inabaki humo humo. Ukiwasha, unachagua utumie ipi."

Bi Sindano akaweka mkasi mezani taratibu sana. "Mwaka mzima unanipigia kelele dirishani, hilo hukuona la kusema?"

"Hukuniuliza, shemeji."

"Ningeuliza saa ngapi, na wewe hupumui?"

Wakanakili michoro kwenye flashi, kisha kerneli mpya ikaingia. Mashine ikawa kimya kama jiwe. Shati la shemeji likalowa mgongoni. Bi Sindano akamsukuma kwa nyonga, akawasha upya, akachagua ile ya zamani, na sindano zikaanza kuguguna kitambaa kama kawaida.

"Sasa chukua hicho kijiprogramu," alisema, "ukasome alichoandika kaka yako."

Siku tatu kibanda kilikuwa kimya, hadi wapita njia wakauliza kama mwenyewe anaumwa. Siku ya nne alivuka barabara bila utani.

"Kaka aliandika vizuri, shemeji. Nimebadili mistari miwili tu."

Wakawasha na kerneli mpya. Beji ikatoka safi, hakuna uzi uliolegea. Bi Sindano aliipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu kuliko beji inavyohitaji.

"Basi hiyo karatasi tuibandue," alisema shemeji.

"Thubutu!"

Akachukua kalamu, na chini ya maneno "Kerneli isiguswe", akaongeza kwa mwandiko wake wa kupinda: "bila kubakiza ya zamani."