Siku Mama Aliponyoa Miti ya Mtaa

Kama kuna mtu anayejua raha ya kutua wasiwasi, ni mimi. Leo nimekaa kwenye kivuli cha miti ya mikima ya mtaa wetu, hapa Nyeri mjini, nimekunywa chai yangu polepole mpaka ikaisha, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia nije nimwone mama yangu. Kiangazi cha mwaka jana sikuwa na kivuli wala amani, na kiondo cha mama, kikapu chake cha nguo, kilikuwa nyuma ya mlango, kimefungwa, tayari kuondoka.

Mtaa wetu ulijengwa juu ya shamba la zamani la kahawa. Waliojenga waling'oa kila kitu, hata ua. Jua likiwaka, vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye kopo la sukari, na kuta zilikaa na joto hadi saa za chakula cha jioni. Redioni tulisikia kila mara kwamba miji ya dunia nzima, mikubwa kwa midogo, inahitaji miti, la sivyo watu watakaangika ndani ya saruji yao wenyewe. Tulitikisa vichwa, tukabadilisha stesheni. Aliyesikia kwa masikio yote mawili ni mwenyekiti wa mtaa, mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa, ambaye jamaa zake wameishi mjini hapa tangu enzi za mababu.

"Nyinyi joto likiwazidi mna mashamba ya kukimbilia," alituambia. "Mimi kwetu ni hapa. Sina pengine."

Akaleta miche ya mkima kwa gari lake. Mkima ndio ule mti mrefu, majani yake yamechanika kama manyoya, maua yake rangi ya machungwa. Huku kwetu umejaa kwenye mipaka ya mashamba ya chai na kahawa. Tulichimba mashimo pande zote mbili za barabara, tukaimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Ikakua upesi kuliko watoto wetu. Mwenyekiti aliitembelea kila asubuhi kama daktari wa wodi, akigusa shina hili na lile, na ole wake mwenye mbuzi.

Sasa mama. Mama aliishi peke yake kijijini Wamagana, na asubuhi moja yenye umande aliteleza akiteka maji, akavunjika nyonga. Alilala pale kwenye nyasi mpaka jirani aliyekuwa akipeleka majani ya chai akasikia sauti yake. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu. Sikumwuliza. Mimi ni msusi, nina saluni yangu karibu na soko, nyumba yangu ina vyumba viwili na choo cha ndani. Nilidhani anayetoka kwenye utelezi atashukuru sakafu ya vigae. Hakushukuru. Kiondo chake hakukifungua. Kila asubuhi alitoa nguo moja, na jioni akaikunja na kuirudisha, kana kwamba yuko kwenye kituo cha magari. Nilimnunulia kabati, likakaa tupu. Nikilala nilimwona kwenye zile nyasi, anaita, na hakuna anayepita.

Siku ya kisa chenyewe nilikuwa saluni, nimemsuka mteja upande mmoja wa kichwa, simu ikalia. Ni mwenyekiti.

"Mwanangu, njoo umwone mama yako," alisema, akakata.

Nilijua ameanguka. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikakimbia na kitana mkononi. Nilipofika getini nikamwona mama amesimama wima, mzima kabisa, ameegemea fimbo yake, na mkono mwingine umeshika panga. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikainua macho.

Upande mzima wa kushoto wa barabara ulikuwa umenyolewa. Mikima yote ilikuwa milingoti mitupu, kila mmoja umeachiwa kishungi kidogo kileleni. Juu ya mti wa mwisho alikuwa mlinzi wetu wa geti, mtu mzima mwenye sare, amevua viatu. Mama alikuwa amegundua kwamba naye ni wa Tetu, upande ule ule wa Wamagana, na basi, akampa amri kama anayempa mwanawe. Chini palikuwa na mizigo ya kuni iliyofungwa vizuri kwa kamba.

"Mama, umetuulia miti," mwenyekiti alisema. Hakupaza sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo lilinitisha kuliko makelele.

"Mimi sijaua kitu, mzee. Nimetoa tu matawi. Mkima hukatwa hivyo, hata ya kwangu hukatwa," mama alijibu. "Na huyu msichana wa nyumba ya kona amezaa. Hakuna mtu amemletea kuni. Ati hii mtaa yote haina wamama?"

Hapo nikaelewa. Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wenzake humpelekea kuni na uji, ili asitoke nje akateseka na baridi na mtoto mchanga. Tunaita itega. Mama alikuwa amemwona binti wa nyumba ya kona akirudi na mtoto, akangoja wanawake wapite na mizigo. Hatukupita hata mmoja. Sisi tulikuwa tumetuma picha za maua kwenye simu. Akatazama nje dirishani, akaona kuni zinaning'inia bure kando ya barabara, na kwa mkulima wa Wamagana mti usiopogolewa ni aibu ya mwenyewe.

Yule binti anapikia gesi. Hana hata jiko la makaa. Lakini mama alipomwekea mzigo mlangoni na kumwambia, "Pole na hongera, mama," binti alikaa chini kizingitini, mtoto mikononi, akalia kwa kwikwi. Mama yake mzazi yuko Mwea, mpunga ulikuwa unavunwa, hakuweza kuja. Kuni zile alizipanga kwenye roshani na hakumruhusu mumewe kuzigusa.

Majirani wengine hawakulia. Kwenye grupu ya wasapu waliandika mpaka simu yangu ikapata moto: kwamba kiangazi ni kikali, miti iliyokatwa hivyo itakauka yote, kwamba wazee wa mashambani wakae mashambani. Nilijibu wawili watatu kwa maneno ambayo msusi anayetaka wateja hapaswi kuyaandika. Panga nililificha nyuma ya mtungi wa gesi. Mama hasomi simu, ila anasoma nyuso.

"Nipeleke kwangu," aliniambia tukila.

"Kwako nani atakutekea maji?"

"Maji imekuwa ikitekwa hata kabla uzaliwe. Mvua ikinyesha nitaenda kupanda maharagwe. Usinizuie."

Ndipo taabu yangu ilipoanza kwa kweli. Mvua isiponyesha, miti ingekufa, na mama angebaki mtaani akiwa mwanamke aliyewaulia watu kivuli. Ikinyesha, miti ingepona na mama angeondoka, arudi kwenye utelezi ule ule, na huenda safari hii jirani asipite. Siku nilipotazama mlima ulio juu ya mji wetu na kuuona mweupe bila wingu, nilihuzunika. Siku nilipouona umejifunika, nilihuzunika vile vile. Kanisani walipoombea mvua nilisema amina kwa sauti ndogo.

Mvua ikaja, tena si ya mchezo. Ilinyesha juma zima, maji yakashuka barabarani yakibeba viatu vya watu. Mama alikaa dirishani akisubiri njia ya Wamagana ikauke kidogo. Mimi nilipita kwenye mikima kila siku nikienda kazini, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikikagua magome. Hakuna kitu. Kesho yake tena, hakuna kitu.

Jioni moja mwenyekiti alinisimamisha pale pale chini ya miti, mwavuli begani. Nikajua sasa natukanwa. Akanishika kiwiko, akanivuta hadi kwenye shina la kwanza, akaelekeza kidole. Kwenye gome, mahali tawi lilipokatwa, palikuwa na chipukizi, dogo, la hudhurungi, lenye manyoya laini. Juu yake lingine. Mti wa pili ulikuwa nayo, na wa tatu.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akakaza uso. "Lakini angeniuliza kwanza."

"Ni kweli, baba. Angekuuliza."

Nilinunua nyama, nikampikia mama, nikamwambia habari. Alitafuna bila kushangaa. "Si nilikuambia?" Kisha akasema barabara sasa imekauka. Nikairudisha nyama yangu sahanini.

Asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nikatazama nyuma ya mlango. Kiondo hakikuwepo.

Nilitoka na kanga ya kulalia na malapa. Getini mlinzi aliniambia mama amepita mapema na kiondo mgongoni, akaelekea sokoni, na yeye safari hii hakuthubutu kumuuliza kitu. Sokoni ndiko magari ya Wamagana yanakopakia. Niligeuka kufuata, nalia kama mtoto, na nilipokata kona ya barabara yetu nikawaona.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mkima uliotoa machipukizi, miguu kwenye udongo. Alikuwa anatumbukiza maharagwe kwenye vishimo vilivyozunguka shina, mstari kwa mstari. Kiondo kilikuwa mbele yake kimejaa mbegu za sokoni. Aliyekuwa akichimba vile vishimo ni mwenyekiti, kofia yake imeteleza upande, jembe mkononi, jasho linamtiririka.

"Nimemwambia barabara si shamba," alinieleza akihema. "Ananiuliza, kwani udongo huu unangoja nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kanipa mimi."

"Chimba, mzee. Hiyo imekuwa ndefu," mama alisema.

Sikuweza kucheka bado. Nilikishika kile kiondo, nikaingiza mkono hadi chini kabisa. Maharagwe matupu.

"Mama, nguo zako ziko wapi?"

Aliniangalia kana kwamba ni mimi niliyeanguka nikagonga kichwa.

"Nimeweka kwa kabati. Ama ulitaka nimwagie mbegu juu ya nguo?"

Nikasema hapana, sikutaka. Nikajipangusa uso kwa pindo la kanga, nikavua malapa, nikaanza na mti uliofuata.