Kidude cha Kuongeza Nguvu

Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, cheusi, kina nyaya mbili na taa ya kijani. Mume wangu alikileta nyumbani ndani ya shati, kakikumbatia kama kifaranga. Nilikuwa namenya ndizi, mimba yangu ina miezi mitano, na siku hiyo nilikuwa nimetoka kliniki. Hakuuliza habari za kliniki. Alisema, "Mama watoto, kuanzia leo hakuna pikapu ya kunipita hapa Kimuli."

Habari za kliniki zilikuwa hizi. Binti yetu wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji. Nesi aliniambia, "Huyu wa pili usithubutu kumzalia hapa zahanati. Kovu linaweza kuachia. Uchungu ukianza tu, panda gari uende hospitali kubwa. Usisubiri hata chai." Nilimweleza mume wangu maneno hayo mara mbili. Alijibu, "Gari si lipo?"

Gari lilikuwepo. Pikapu yetu ya dizeli ndiyo ilikuwa gari pekee kitongojini. Kabla yake mgonjwa alibebwa kwa engozi, machela ya fito na kamba za kusuka, wanaume wakipokezana mabegani mpaka barabara kubwa. Kila nyumba ilitoa mwanaume, na asiyetokea alitozwa pombe ya ndizi na kusemwa mpaka akome. Pikapu ilipokuja, wote wakapumzika. Mume wangu akasamehewa zamu zote za kitongoji, hata za kuchimba makaburi, kwa kuwa yeye ndiye engozi ya matairi. Engozi yenyewe ikaletwa kwetu kuhifadhiwa. Mimi nikaiweka juu ya matofali nyuma ya jiko, nikaanikia kahawa yangu. Ilifaa sana, hewa inapita chini.

Sasa mwanaume aliyepewa heshima ya namna hiyo anapitwa mlimani na pikapu ya jamaa wa Kaisho, mbele za watu, amebeba ndizi. Hakulala vizuri wiki nzima. Ndipo muuzaji wa vipuri mjini akamwambia kuna kifaa, unakichomeka tu kwenye injini, hufungui chochote, gari linapata nguvu za lori.

Na kweli lilipata. Nitakuwa mwongo nikikataa. Jumapili ya kwanza tulijaa nyuma, kwaya na viti vyake, tukaupanda mlima wa kanisani kama tunateremka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama mkwe akasema, "Mwanangu kapata ng'ombe dume!" Mimi pia nilicheka. Nakumbuka kicheko changu, nakichukia.

Baada ya wiki chache moshi ukawa mweusi, nguo nilizoanika kando ya barabara zikawa zinanuka dizeli. Geji ya joto ikawa inapanda kila mlima. Kisha taa ya njano ya injini ikawaka, ikakataa kuzima. Muuzaji akasema kwa simu kwamba hiyo ni kawaida, gari linazoea. Mume wangu akachukua plasta ya kidonda cha binti yetu, akakata kipande, akakibandika juu ya taa. Tatizo likaisha. Kila nikikaa siti ya mbele naiangalia ile plasta.

Nilimlazimisha twende kwa fundi wetu wa siku zote, mzee wa Kayanga. Alifungua boneti, akaangalia, akaguna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nani kawawekea mwongo humu?"

Alinieleza mimi, maana mume wangu alikuwa anachezea simu. Alisema gari la siku hizi lina kompyuta ya kupima dizeli inayoingia. Kidude kinakaa katikati, kinaiambia kompyuta kwamba presha ya dizeli ni ndogo. Kompyuta inaamini, inaongeza. Injini inalishwa kupita kiasi, inachemka kuliko ilivyotengenezwa.

"Nguvu mnazipata," alisema. "Lakini mnazikata kwenye maisha ya injini. Inaweza kwenda mwaka, inaweza isifike Jumamosi. Kitoeni."

Njiani kurudi mume wangu alisema mzee huyo alijifunza ufundi kwenye magari ya wamisionari. "Nitakitoa msimu wa kahawa ukiisha."

"Mimba haisubiri msimu."

"Si bado wiki sita?"

"Na zisipokuwa sita?"

"Wewe unajua injini?"

"Sijui injini. Najua kovu langu."

Akawasha redio. Asubuhi moja alipokuwa anaoga nilifungua boneti mwenyewe. Nilikiona, taa ya kijani inawaka, waya wa kuchomoa uko pale pale. Nikaogopa nitaharibu gari, lawama zote ziwe zangu. Nikafunga boneti nikarudi jikoni. Mpaka leo mikono yangu inaikumbuka ile boneti.

Uchungu ulianza siku ya mnada, saa tatu asubuhi. Magari yanayopita njia yetu na bodaboda zote zilikuwa mnadani Kaisho. Yetu ilikuwa uani, imeshapakiwa ndizi mpaka juu.

"Shusha ndizi," nilimwambia.

"Kushusha ni kuchelewa. Panda. Nguvu ipo."

Nguvu ipo! Nilipanda, mama mkwe akanishika kiuno. Chini ya mlima geji ilikuwa imeshafika kwenye nyekundu. Katikati ya mlima nikasikia mlio, ko, ko, ko, kama mchi unagonga kinu kitupu. Moshi mweupe ukafunika kioo, gari likazima, likaanza kurudi nyuma mpaka mume wangu alipolishika kwa breki. Akaruka, akafungua boneti, akakichomoa kidude kwa pupa akakitupa kwenye siti karibu na mguu wangu. Akajaribu kuwasha. Akajaribu tena. Injini haikuzunguka.

Nilipiga kelele. Mama mkwe akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu, wanaume wanasikia."

"Wasikie! Wasikie wote!"

Wanaume waliokuwa shambani wakaja. Mmoja akasema, "Engozi! Si iko kwao?" Wakakimbia. Walimwaga kahawa yangu chini wakaikamata engozi kwa fito zake. Maji ya kahawa na mvua za msimu mzima vilikuwa vimeziozesha kamba. Walipoinyanyua tu ikapasuka katikati. Walirudi kwangu na fito mbili na matambara ya kamba, wamesimama, hawajui pa kuziweka. Nilizitazama. Kahawa ilikuwa yangu. Aliyeianika ni mimi.

Jua lilikuwa limepita utosini alipotokea mfanyabiashara wa mjini, mzee wa kofia, na gari lililojaa kreti za soda. Hakuuliza maswali. "Shusheni kreti zote," alisema, "mpandisheni binti yangu." Huyo alijua kushusha mzigo.

Hospitali waliniokoa mimi. Kovu lilikuwa limeachia. Alikuwa mtoto wa kiume, ana nywele nyingi, mzito mikononi kama mtoto aliyelala. Daktari alisema tungewahi mapema angekuwa hai. Alisema kwa upole, nikatamani angenipiga.

Fundi wa Kayanga alipoifungua injini nilikwenda kuona. Hakusema "niliwaambia." Alinipa pistoni, imeyeyuka juu, ina tobo. Niliingiza kidole kikapita. Kidude chenyewe hakikuwa hata na mkwaruzo. Muuzaji naye alisema injini ilikuwa imechoka siku nyingi, kifaa chake hakina kosa.

Mume wangu hulia nyuma ya migomba, anadhani simsikii. Namsikia. Siendi.

Kwenye mkutano wa kitongoji niliomba engozi isukwe upya. Mwenyekiti akatabasamu. "Pole sana, mama. Lakini turudi kwenye engozi kweli? Si mwenzetu kanunua pikapu?"

Ni kweli, jirani yetu kanunua. Na mwezi uliopita nilifungua kabati nilimokuwa nimekificha kidude, nikakuta hakipo. Mume wangu akasema, macho chini, kwamba jirani alikiomba. "Gari lake ni jipya, mama watoto. Litakihimili."

Mke wa jirani huyo ana mimba ya miezi minane. Nilimfuata kisimani, nikamweleza yote, hata tobo la pistoni. Akanishika mkono. "Pole, dada. Wa kwangu anaendesha taratibu."

Leo asubuhi walipita mbele ya nyumba yangu, wamepakia ndizi, moshi mweusi nyuma, yeye kakaa mbele na tumbo lake. Nilikimbia mpaka barabarani nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele wasimame. Jirani akapiga honi kunisalimia, akakanyaga mafuta, wakaupanda mlima bila shida yoyote.